Thunderbird inakataa nenosiri lako? Soma hapa kabla hujafuta akaunti

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki hii pekee nimeona watu watatu humu ndani wakiuliza swali lile lile: "Jana nilisoma barua pepe kwenye kompyuta vizuri tu, leo naambiwa nenosiri si sahihi, na nina uhakika ni lenyewe." Karibu wote wamejibiwa "futa akaunti uiweke upya". Ushauri huo nimeuona ukipoteza kazi ya miaka, na ndio ulionifanya nikae niandike. Nitaelezea kwa Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, kwa sababu ndiyo ninayowafungia wateja wangu, ni ya bure na inafanya kazi Windows na Linux. Watu wa Outlook tutaonana huko chini.

Kwanza kisa. Juni 2022, siku za mwanzo za mwezi, nilipigiwa simu na ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Dar. Ofisi ndogo, kompyuta tatu, anwani moja ya Gmail wanayopokelea nyaraka za makontena. Nafika namkuta dada wa mapokezi kaibandua kalenda ukutani, kailaza kifudifudi mezani, maana nenosiri limeandikwa nyuma yake kwa kalamu nyekundu. Anabonyeza herufi moja moja huku anaitamka. Kisanduku kinafunga, zinapita kama sekunde tatu, kinarudi vilevile: "Login to server pop.gmail.com failed". Alikuwa kwenye hali hiyo tangu asubuhi, na kuna kontena bandarini linahesabiwa storeji.

Nikamwambia fungua Gmail kwenye kivinjari, uandike hilo hilo la kwenye kalenda. Likapita mara ya kwanza.

Nenosiri halikuwa na kosa lolote. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuzipokea programu zinazoingia kwenye akaunti za kawaida kwa jina na nenosiri peke yake. Thunderbird yao ilikuwa imewekwa miaka ya nyuma, bado inagonga mlango wa zamani. Seva inaikatalia, na programu haina lugha nyingine ya kukuambia zaidi ya "imeshindikana kuingia, andika nenosiri tena". Mtu anaandika tena, na tena, halafu anaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Kilichoniuma ni kompyuta ya pili. Kabla yangu alishapita fundi mwingine, akafuta akaunti ili aiweke upya. Thunderbird ukifuta akaunti inakuletea visanduku viwili: kuondoa taarifa za akaunti, na kuondoa barua zenyewe, "Remove message data". Aliweka tiki kote kote. Akaunti ilikuwa ya POP, yaani njia ya kushusha barua kwenye kompyuta, na ilipangwa barua zikishashuka ziondoke kwenye seva. Nyaraka za wateja tangu 2013 zilikuwa mle tu, hazipo kwingine. Hatukuzipata.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote: nakili profaili, yaani folda ambamo Thunderbird inaweka barua na mipangilio yako. Menyu zipo kwa Kiingereza, nitazitaja kama mtakavyoziona. Nenda Help, kisha Troubleshooting Information, tafuta mstari wa Profile Folder, bonyeza Open Folder. Folda ikifunguka, funga Thunderbird, nakili folda nzima uipeleke kwenye diski ya nje. Humo ndani kwenye folda ya Mail kuna mafaili kama Inbox na Sent yasiyo na kiambishi mwishoni, na ndiyo barua zenyewe. Kama Inbox yako ina GB 4, basi maisha ya ofisi yako ni hizo GB 4. Kuwa na subira zinakiliwe mpaka mwisho.

Ukishamaliza, fungua barua pepe yako kwenye kivinjari. Jaribio hili linachukua dakika moja na linagawa tatizo mara mbili. Ikikataa na huko pia, tatizo lipo kwenye akaunti: nenosiri limebadilishwa, akaunti imefungwa, au kwa wenye barua pepe za kampuni, jina la tovuti halijalipiwa. Ikikubali, acha kabisa kuhangaika na nenosiri, tatizo lipo kati ya programu na seva.

Halafu soma kile programu inachosema, msikimbilie kubonyeza OK. "Authentication failed" au "Login failed" maana yake seva umeifikia na imekukatalia. "Timed out" au "could not connect" maana yake hata mlangoni hujafika: intaneti, jina la seva, au namba ya poti. Onyo linalotaja "certificate" ni jambo la tatu kabisa, na mara nyingi linatokana na saa ya kompyuta au antivairasi. Watu wanayachanganya haya matatu ndiyo maana dawa haifanyi kazi.

Sasa kwa waliokataliwa mlangoni. Ingia Account Settings, chini ya akaunti yako bonyeza Server Settings, tazama mstari wa Authentication method. Kama ni Gmail na pameandikwa "Normal password", umeshapata mchawi wako. Weka OAuth2. Seva ya IMAP (njia ambayo barua zinabaki kwenye seva) ni imap.gmail.com poti 993 SSL/TLS (aina ya ulinzi wa mawasiliano), ya POP ni pop.gmail.com poti 995 SSL/TLS.

Kwa wasioijua OAuth2: fikiria unavyoingia kwenye jengo kubwa la ofisi mjini. Kitambulisho chako unamwonyesha mlinzi wa getini, yeye anakupa kadi ya mgeni, na huko ghorofani unatembea na kadi. Thunderbird inakufungulia dirisha la Google lenyewe, unaandika nenosiri humo, unakubali, kisha programu inapewa kadi yake. Nenosiri lako programu haiwi nalo tena. Ukibadili mawazo, unakwenda kwenye akaunti ya Google unaifuta kadi hiyo peke yake.

Hapo wengi wanaishia, halafu wanarudi kulalamika: "Napokea barua lakini siwezi kutuma." Wakuu, kutuma kuna seva yake na mipangilio yake! Shuka mpaka mwisho kabisa wa orodha ya kushoto, kuna Outgoing Server (SMTP). Bonyeza Edit, na hapo pia uweke OAuth2. Kwa Gmail ni smtp.gmail.com, poti 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS. Msichanganye: ukiweka 465 na STARTTLS programu inabaki inazunguka mpaka ichoke.

Kisha futa kumbukumbu ya zamani. Settings, Privacy & Security, Saved Passwords. Utakuta mstari wa imap au pop, wa smtp, na labda unaoanza na oauth://accounts.google.com. Ondoa yote ya akaunti hiyo tu, funga programu, fungua tena, ingia upya. Programu ina tabia ya kuendelea kuwasilisha nenosiri la zamani kimya kimya hata baada ya wewe kubadilisha kila kitu.

Kama programu yako ni ya zamani na haina OAuth2 kabisa, kuna nenosiri la programu. Google wanatoa lenye herufi 16, linaonekana kwa mafungu manne ya herufi nne nne. Sharti ni uwe umewasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili kama namba ya meseji. Unaliandika kwenye Thunderbird badala ya nenosiri lako la kawaida na unabaki na "Normal password". Kumbuka tu kwamba siku ukibadili nenosiri kuu la Google, haya ya programu yote yanakufa. Yahoo nao wanatumia utaratibu kama huo.

Ile ofisi nilinakili profaili za kompyuta mbili zilizobaki, nikaweka toleo jipya la Thunderbird, nikabadili kupokea na kutuma. Saa nane mchana dada alikuwa anachapisha nyaraka za lile kontena.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali aweke hapa, aandike aina ya barua pepe yake na maneno kamili ya kosa analoliona.

#2 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu ubarikiwe. Mimi nimefuata yote, nimeweka OAuth2, lakini dirisha la Google linafunguka jeupe, au linaniambia niwashe kuki. Nikifunga linarudi tena. Nimefanya hivi mara kumi.

#3 Mleta mada

Mkuu hilo ni dogo. Thunderbird ina mipangilio yake ya kuki (vijifaili ambavyo tovuti inaviacha ili ikukumbuke), haifuati ya kivinjari chako. Settings, Privacy & Security, sehemu ya Web Content, weka tiki kwenye "Accept cookies from sites". Kuna watu waliondoa tiki hiyo zamani kwa kujilinda, na wakati ule haikuwa na madhara kwa sababu hakukuwa na dirisha la kuingilia. Siku hizi bila kuki huingii. Ukishaweka, fungua programu upya.

#4 Mchangiaji, Morogoro

Imekubali! Yaani tiki moja. Shukrani sana mkuu.

#5 Mchangiaji, Eldoret

Habari zenu ndugu zangu. Mimi natumia Outlook 2010 na anwani ya hotmail. Imenihudumia miaka mingi na sikuwahi kuwa na shida, lakini sasa inauliza nenosiri kila dakika. Kwa simu inafunguka. Nifanyeje?

#6 Mleta mada

Karibu ndugu. Kwako wewe habari si nzuri, na naomba usipoteze siku nyingine ukihangaika. Microsoft walifunga uingiaji wa nenosiri tupu kwenye akaunti binafsi za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Za makampuni walianza kuzifungia mapema zaidi, Oktoba 2022. Outlook 2010 haijui utaratibu mpya na hakuna sehemu ya kuuwasha. Outlook 2013 ilikuwa na njia ya kuwashwa kwa akaunti za kampuni, ya 2010 haina.

Barua zako za zamani zipo kwenye faili la .pst. Linakili kwanza mahali salama. Kisha weka Thunderbird au Outlook ya kisasa. Ukichagua Thunderbird: outlook.office365.com poti 993 SSL/TLS kupokea, smtp-mail.outlook.com poti 587 STARTTLS kutuma, na OAuth2 kote kote. Ikikataa bado, ingia Outlook.com kwenye kivinjari, kwenye mipangilio ya barua tafuta sehemu ya POP na IMAP uone kama umeruhusu programu za nje.

#7 Mchangiaji, Mwanza

Mleta mada naomba nikupinge kidogo. Mimi huwa nazima uthibitisho wa hatua mbili na kila kitu kinakwenda vizuri. Ule ni usumbufu tu, kila saa meseji ya namba.

#8 Mleta mada

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Ukizima hatua mbili kwenye Gmail, nenosiri la programu nalo linakosekana, kwa hiyo umejifungia mlango uliokuwa wazi. Na ukitumia OAuth2 namba unaulizwa siku ya kuingia, baada ya hapo programu inatumia kadi yake. Ofisi inayopokea ankara kwa barua pepe haiwezi kukaa bila hatua mbili. Akiingia mtu akabadilisha namba ya akaunti ya benki kwenye ankara moja tu, mteja analipa kwa mwizi, na fedha hairudi.

#9 Mchangiaji, Arusha

Hapo kwenye namba ndipo nilipokwama. Barua pepe ya ofisi ilifunguliwa na katibu wetu wa zamani kwa namba yake ya simu. Kaacha kazi mwaka jana, laini kaitupa. Thunderbird ilikuwa inafanya kazi, juzi tumebadilisha nenosiri, sasa inataka namba inayokwenda kwenye laini hiyo. Kuna kompyuta moja tu ambayo bado ipo wazi kwenye kivinjari.

#10 Mleta mada

Dada au kaka, simama hapo hapo. Hiyo kompyuta isitoke nje ya akaunti, mtu asifute historia ya kivinjari, na ikiwezekana isizimwe mpaka umalize. Ndiyo ufunguo pekee mlionao.

Kwenye kompyuta hiyo ingia mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya usalama. Ongeza namba mpya ya simu, iwe ya ofisi na si ya mtu, na anwani nyingine ya kuokolea. Kuna uwezekano wakakudai uthibitisho hata hapo. Wakikudai, chagua njia nyingine tofauti na meseji, hasa ile ya kuthibitisha kwenye simu ambayo tayari ipo ndani ya akaunti, kama kuna mwenzenu anayo. Ukifanikiwa, toa namba za akiba. Wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8, kila moja inatumika mara moja. Zichapishe, ziwekeni kwenye sefu pamoja na mihuri. Namba ya katibu muiondoe mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha ile mpya inapokea.

#11 Mchangiaji, Tanga

Mkuu mimi haya mambo yananipita. Nikutumie nenosiri langu PM uniwekee mwenyewe?

#12 Mleta mada

Hapana mkuu, usinitumie mimi wala mtu yeyote humu, hata akijiita fundi. Tafuta kijana unayemfahamu hapo Tanga akae pembeni yako, wewe uandike nenosiri kwa mkono wako. Na yeyote atakayekufuata PM baada ya ujumbe wako huu akiomba hata ile namba ya meseji, usimjibu.

#13 Mchangiaji, Dodoma

Sisi tuna kompyuta nne zinazotumia akaunti moja ya Gmail kwa IMAP. Asubuhi mbili za mwanzo zinaingia, ya tatu inasuasua, ya nne inakataliwa na kuombwa nenosiri. Tukizima moja, ya nne inaingia. Tumebadilisha nenosiri mara tatu.

#14 Mleta mada

Umejieleza vizuri mpaka jibu umelitoa mwenyewe. Gmail inaruhusu miunganisho 15 kwa wakati mmoja kwa akaunti. Thunderbird kwa kawaida yake inaweza kufungua mpaka 5 kila kompyuta. Nne mara tano ni 20, na hapo hujahesabu simu za watu. Kila kompyuta ingia Server Settings, Advanced, pale penye "Maximum number of server connections to cache" punguza kutoka 5 hadi 2. Nenosiri lenu liacheni lilivyo.

#15 Mchangiaji, Iringa

Mimi naona onyo la certificate, na kwenye kivinjari pia kila tovuti inaleta onyo. Kompyuta ni ya zamani, tunaichomoa ukutani kila jioni kwa ajili ya radi.

#16 Mleta mada

Tazama tarehe pale pembeni chini. Nina hakika imerudi nyuma miaka kadhaa. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani ipo miaka kumi iliyopita inaona cheti bado hakijaanza, inakikataa. Rekebisha saa utaingia leo, lakini kesho baada ya kuchomoa itarudi tena. Ndani kuna betri ya duara inayofanana na sarafu, imeandikwa CR2032. Imekufa. Badilisha.

#17 Mchangiaji, Mbeya

Wakuu, sisi ni barua pepe ya kampuni, jina letu wenyewe, tumepanga kwenye seva ya watu. Tangu juzi ofisi nzima hatuingii, kompyuta zote saba, hata tovuti yetu wenyewe haifunguki. Cha ajabu kwa simu zenye bando inaingia bila shida. Waliotuuzia nafasi wanasema seva yao ni nzima.

#18 Mleta mada

Fanya hivi: chukua kompyuta moja, itoe kwenye intaneti ya ofisi, iunganishe na hotspoti ya simu yako, fungua Thunderbird bila kubadilisha kitu. Leta majibu.

#19 Mchangiaji, Mbeya

Imeingia!! Barua za siku mbili zote zinashuka.

#20 Mleta mada

Basi wenye seva wanasema kweli, na ninyi mnasema kweli. Seva imezuia anwani ya IP ya ofisi yenu, yaani namba inayoitambulisha intaneti yenu. Seva nyingi za kupangisha zina mlinzi anayehesabu makosa: zikija mara nyingi kutoka sehemu moja na nenosiri baya, anafunga sehemu hiyo yote, tovuti na barua kwa pamoja. Waombeni waifungue, muwape IP yenu.

Ila wakifungua tu itajifunga tena, kwa sababu hapo ofisini kuna kifaa kinachoendelea kubisha hodi na nenosiri la zamani. Thunderbird hukagua barua kila dakika 10 kama hujaibadilisha, hivyo kwa saa moja ni makosa sita bila mtu kugusa kitufe. Je, kuna nenosiri mlibadilisha hivi karibuni? Zungukeni kompyuta zote, simu zilizo kwenye waifai, na mashine ya kunakilia kama ina uwezo wa kutuma barua pepe.

#21 Mchangiaji, Mbeya

Mkuu, nenosiri la mhasibu lilibadilishwa Jumatatu. Kompyuta saba zote tumezipitia, zipo sawa. Mashine ya kunakilia haina hiyo huduma. Sijui nini tena.

#22 Mleta mada

Kuna ya nane. Ulizeni mhasibu kabla ya hiyo kompyuta yake alikuwa anatumia ipi.

#23 Mchangiaji, Mbeya

Mkuu nimerudi. Ipo stoo. Kompyuta yake ya zamani walimpa kijana wa stoo aandikie mizigo inayoingia, inawashwa asubuhi inazimwa jioni, Thunderbird inafunguka yenyewe chinichini. Nimekuta visanduku vya kuuliza nenosiri vimepangana juu ya kimoja kingine, kijana anasema alikuwa anavisogeza pembeni aendelee na kazi. Profaili tumeinakili kwanza kama ulivyosema, tukazima kujifungua yenyewe. Wenye seva wamefungua IP saa tano na mpaka muda huu, saa kumi na moja jioni, wote tupo ndani.